Raundi za kwanza Nürburgring: kisa cha pedali ya breki iliyolegea mteremkoni

Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring inayozunguka kilomita 20.8 katika milima ya Eifel, Ujerumani, ina jambo linalowachanganya wageni. Ina sifa ya kutisha, madereva wakubwa wameumia humo na wengine wamekufa, lakini siku inapofunguliwa kwa watu wote, mwenye leseni na gari lenye namba za barabarani ananunua tiketi, geti linainuka, anaingia. Hakuna anayemuuliza kama ameshawahi kuendesha gari kwa kasi. Watu wa kawaida wameingia na magari yao tangu njia hii ilipofunguliwa mwaka 1927.

Kisa ninachokichambua ni cha jamaa yangu, dereva wa miaka mingi, mtulivu, asiye na ajali yoyote ya kusimulia. Ameniruhusu nikieleze bila kumtaja. Gari lake ni la petroli, milango mitano, giabox ya mkono, lina miaka tisa, na sisi wawili tukiwa ndani lilikuwa na uzito wa kama kilo 1,400. Mimi nilikaa kiti cha abiria. Hakuna aliyeumia na gari halikupata hata mkwaruzo, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa: kila kosa lilionekana wazi kabla halijadai malipo.

Hoja yangu ni kwamba jamaa alijiandaa kwa bidii kwa ajili ya mashindano, kisha akaingia barabarani. Maana siku za wageni Nordschleife ni barabara kweli. Kisheria ni njia ya kulipia, ya mwelekeo mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani zinafuatwa humo ndani. Unakaa kulia. Unalipita gari jingine kwa kushoto tu. Kujipimia muda kumekatazwa. Mbele yako kunaweza kuwa na familia inayotalii katika gari la nyumbani, na nyuma yako mtu aliyekuja na Porsche na anayeijua kila kona kwa jina.

Maandalizi yake yalikuwa hivi. Alitazama video za raundi za rekodi, hasa ile ya dereva wa mbio Timo Bernhard ya mwaka 2018, aliyezunguka kwa dakika 5 na sekunde 19.5 katika gari la mbio la Porsche 919 lililofunguliwa vizuizi vyote vya kanuni za mashindano. Jioni alicheza mchezo wa kompyuta wenye njia hiyohiyo hadi akaweza kutaja kona kwa mpangilio. Alimpelekea fundi gari likafungwa diski na pedi mpya za breki mbele. Alinunua kofia ngumu, ingawa kwa gari la kawaida hailazimishwi.

Mchezo wa kompyuta ulimsaidia, niseme ukweli. Njia ina kona zaidi ya 70, nyingi zimejificha nyuma ya vilima, na kujua kwamba baada ya kilele hiki barabara inakata kushoto ni nusu ya usalama. Kile ambacho skrini haikumwonyesha ni miinuko. Kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa kuna tofauti ya kimo ya takriban mita 300, na pale Fuchsröhre, ambapo barabara inashuka kama bomba na kupinda juu ghafla, tumbo linakandamizwa kwenye kiti na gari linakaa chini kwenye springi zake. Mara ya kwanza alipoipita alisema, "Kaka, hii haikuwemo."

Video ya rekodi, kwa maoni yangu, ilimdhuru. Bernhard alikuwa peke yake njiani. Macho yake hayana haja ya kwenda popote isipokuwa mbele. Mgeni anayejifunza kutoka kwake anajifunza kutumia upana wote wa lami, kutoka ukingo hadi ukingo, na hilo ndilo jambo ambalo siku ya wageni linasababisha mgongano.

Karatasi kabla ya geti

Wiki moja kabla ya safari nilimwomba asome tena mkataba wake wa bima. Alicheka. Alijua, na ni kweli, kwamba siku za wageni si mashindano, kwa hiyo akadhani bima yake inafanya kazi kama kawaida. Lakini kampuni nyingi za bima zimeingiza kifungu kinachoziondolea wajibu kwa safari yoyote katika njia za mbio za magari, iwe mashindano au matembezi. Kifungu hicho alikikuta katika ukurasa ambao hakuwahi kuufungua, upande wa bima ya gari lake mwenyewe. Bima ya kuwalipa wengine ilikuwa ingali hai. Maana yake ni kwamba angegonga ukingo wa chuma, gari lingekuwa hasara yake mwenyewe, na ankara ya kuvutwa gari na kutengeneza ukingo ingekuja mezani pake kwanza.

Alitoka hapo akawaza kukodi gari. Magari ya kukodi ya kawaida yamekatazwa na mikataba yake kwenda huko, na wenye magari hayo wanajua pa kuangalia. Karibu na njia yenyewe kuna wanaokodisha magari yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo, kwa bei ya juu na kwa dhamana kubwa endapo utaliharibu. Alipiga hesabu akaamua kuja na la kwake, akijua anachohatarisha. Uamuzi huo naukubali. Mtu anayejua kwamba gari ni lake na hasara ni yake huendesha kwa akili tofauti, na tofauti hiyo niliiona kwenye kona za kwanza.

Mengine ya asubuhi ile yalikwenda haraka. Tulitoa kila kitu kilicholegea ndani ya gari, pamoja na chupa ya maji iliyokuwa chini ya kiti changu. Chupa ikibingirika hadi chini ya pedali ya breki hakuna ustadi utakaokuokoa. Tulikaza nati za magurudumu. Tukapima upepo wa tairi zikiwa baridi na kuuacha kama mtengenezaji alivyoandika mlangoni. Tangi lilijazwa, kwa sababu gari linalokimbizwa mlimani linakunywa mafuta kuliko lilivyozoea.

Raundi ya kwanza na kioo

Tulikubaliana kwamba raundi ya kwanza ni ya kutazama tu. Ukitoka kwenye geti unapita Antoniusbuche, unashuka Tiergarten, na kabla hujatulia uko Hatzenbach, mfululizo wa kona za kushoto na kulia zilizobanana msituni. Hapo ndipo gari la kwanza lilipotufikia kwa nyuma.

Jamaa aliliona likiwa limeshafika. Alishtuka, akavuta usukani kulia kumpisha huku kona ikipinda kushoto, na magurudumu ya kulia yakapanda ukingo uliopakwa rangi. Ulikuwa mkavu, gari likatikisika likarudi. Siku ya mvua ukingo ule unateleza kama sabuni, na nyuma yake kuna ukanda mwembamba wa majani kisha chuma. Njia hii haina viwanja vipana vya changarawe vya kulimeza kosa lako kama njia za kisasa za mashindano.

Tatizo halikuwa usukani. Alitazama kioo akiwa amechelewa, na hesabu ya hapo ni rahisi. Wewe unakwenda kilomita 120 kwa saa, anayekuja anakwenda 200. Tofauti ni 80, yaani mita 22 kila sekunde. Gari lililokuwa mita 100 nyuma linakufikia ndani ya sekunde nne na nusu. Katika barabara kuu ya kawaida dereva anaweza kutazama kioo mara moja kwa dakika na asipate tabu. Hapa kioo kinatazamwa kabla ya kila kona, na tena unapoimaliza, hata kama hakuna mtu. Nilipomwambia hivyo pale Quiddelbacher Höhe, akanijibu, "Sasa barabara niangalie lini?" Swali zuri. Jibu lake ni mwendo: kama kasi yako haikuachii nafasi ya kutazama kioo, basi unakwenda kasi kuliko unavyoijua njia.

Namna ya kumpisha mtu pia ina utaratibu wake. Unawasha indiketa ya kulia kumwonyesha kwamba umemwona. Unaendelea na mstari wako bila kubadilika, na barabara inaponyooka unakaa kulia na kuondoa mguu kwenye mafuta. Yeye atachagua wakati wake wa kupita kushoto. Hupishi mtu katikati ya kona, hata awe karibu namna gani, kwa sababu kitu anachokihitaji zaidi kutoka kwako ni kujua utakuwa wapi sekunde inayofuata. Kuanzia Schwedenkreuz jamaa alianza kufanya hivyo, na nilihesabu magari manne yakipita bila mtu yeyote kushtuka.

Adenauer Forst tuliipita polepole. Unatoka kwenye kasi ya Fuchsröhre, unapanda, na kona za zigizaga zinajitokeza nyuma ya kilele zikiwa zimebana kuliko ulivyotarajia. Watazamaji hujipanga pale kwa sababu wageni wengi huishia kwenye majani. Mchezo wa kompyuta ulimlipa hapo. Alikuwa ameshatoka nje mara nyingi kwenye skrini.

Mteremko wa Breidscheid

Sehemu ninayotaka kukaa nayo ni raundi ya pili. Jamaa alikuwa amepata raha. Hakukimbia, lakini breki alizitumia zaidi, kwa mikandamizo mirefu, na alifanya kitu ambacho wageni wengi hufanya: aliziweka zikiburura kidogo mteremkoni badala ya kukandamiza kwa nguvu, kuachia, na kuiacha injini ishikilie gari kwa gia.

Kuanzia Aremberg njia inashuka kwa kilomita kadhaa. Fuchsröhre, Adenauer Forst, Metzgesfeld, Kallenhard, kisha Wehrseifen, hadi daraja la Breidscheid, ambalo ndilo bonde la njia nzima. Kati ya Kallenhard na Wehrseifen, alipokanyaga breki, pedali ilikwenda chini kuliko kawaida. Gari lilipunguza mwendo, ila kwa kuchelewa. Alikanyaga tena, ikashuka zaidi, laini, kama mguu unasukuma sponji.

"Kaka, pedali imeshuka."

"Pampu haraka. Gia ya pili. Kaa kulia, washa indiketa."

Alipampu mara tatu, pedali ikarudi nusu. Akashusha gia hadi ya tatu kisha ya pili, injini ikanguruma, gari likatulia. Kioo, indiketa ya kulia, magari mawili yakapita. Wehrseifen tuliichukua kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho.

Kilichotokea ni fizikia tupu. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa limebeba nishati ya takriban megajuli 2.2. Likiwa kwenye 100 limebeba robo tu ya hiyo. Kwa hiyo kupunguza kutoka 200 hadi 100 kunazitwisha breki mzigo mara tatu ya kusimama kabisa kutoka 100, na mzigo wote huo unageuka joto kwenye diski na pedi. Ongeza mteremko, ambao unairudisha kasi uliyotoka kuitoa, na ongeza kwamba kona inayofuata iko karibu na diski hazijapata upepo wa kupoa.

Joto hilo linapita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Kwa kiwango cha DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi kinachotumika kupimia, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya mabomba. Kimiminika hakibonyei, mvuke unabonyea, na mguu wako unaishia kubana mapovu badala ya kusukuma pedi.

Fundi alikuwa amebadilisha diski na pedi. Mafuta hakuyagusa, kwa sababu hakuombwa, na rekodi za gari zilionyesha kwamba yalikuwa yamepitisha miaka minne. Kwa safari za kila siku gari lile lingeweza kukaa hivyo muda mrefu bila mtu kugundua. Hili nalisisitiza kwa sababu pedi mpya zilimpa jamaa imani ambayo mabomba yake hayakustahili. Pedi zinaonekana kwa macho, zina bei, zina sanduku. Kubadilisha mafuta ni kazi ndogo isiyoonekana, na gharama yake ni ndogo kuliko ile kofia ngumu.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hii, na dereva anapaswa kuzitenganisha akiwa bado njiani. Pedali ikibaki ngumu na ya juu lakini gari halisimami, ni pedi zilizopita joto lake. Mafuta ni mazima. Pedali ikizama na kuwa laini, ni mafuta yaliyochemka, na hapo ndipo kupampu kunasaidia kwa muda. Hali zote mbili zinadai jambo lilelile: punguza, tumia gia, ziache zipoe.

Kupoa kwenyewe tulipewa na ardhi. Ukivuka daraja la Breidscheid njia inaanza kupanda, Ex-Mühle, Bergwerk, Kesselchen, Klostertal, hadi Karussell na Hohe Acht. Ni kilomita kadhaa za mlima ambapo breki hazina kazi kubwa kama unakwenda kwa busara. Tulipanda kwa gia ya tatu tukiwa tumejibana kulia. Ni jirani na Bergwerk ambapo Niki Lauda, dereva wa mashindano ya Formula 1, aliungua tarehe 1 Agosti 1976, akaokolewa kwenye moto na madereva wenzake waliosimamisha magari yao. Formula 1 haikurudi tena kushindana Nordschleife. Kilomita 20 za msitu ni mbali sana kwa msaada, hata leo penye redio na magari ya uokoaji. Nilimweleza kwamba pedali ikizama kabisa tutaegesha pembeni mahali penye nafasi, taa za hatari, tutoke upande wa kulia na kusimama nyuma ya ukingo wa chuma, kisha ndipo tupige simu. Kubaki ndani ya gari lililosimama baada ya kona iliyofichika ni kungojea kugongwa.

Haikufika huko. Karussell, ile kona ya kushoto ya zege iliyolala kama bakuli, tuliizungukia juu, nje ya bakuli lenyewe. Kuanzia Wippermann hadi Pflanzgarten, ambako breki zinahitajika tena, pedali ilikuwa imerudi karibu mahali pake lakini hakuiamini, na alifanya vizuri. Kwenye mnyoosho wa Döttinger Höhe alikaa kulia kabisa akiacha upepo upite kwenye diski, wenye haraka wakatupita kushoto kwa mngurumo.

Maegeshoni alinyoosha mkono kuvuta breki ya mkono. Nilimzuia. Diski zikiwa na moto ule, pedi zilizobanwa juu yake zinaweza kugandia au kuacha alama itakayotetemesha usukani baadaye. Gari liliachwa kwenye gia ya kwanza. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa harufu kali ya kuungua, na upepo wa tairi ulikuwa umepanda wazi kuliko asubuhi. Tungekuwa na raundi nyingine tungelazimika kuupunguza kidogo zikiwa bado na moto, halafu kuurudisha kabla ya kwenda nyumbani.

Tiketi moja ilikuwa imebaki kwenye kadi yake. Alitaka kuitumia baada ya saa moja, breki zikishapoa. Tulibishana. Alikuwa na hoja kwamba pedali sasa ilikuwa ngumu, na kwamba angekwenda polepole. Hoja yangu ilikuwa kwamba mafuta yaliyochemka mara moja hayarudi kuwa mapya kwa kupoa. Unyevu uko palepale, na mteremko ule uko palepale. Kilichomshawishi hatimaye kilikuwa geti lenyewe: njia ilifungwa kwa ajali ya mtu mwingine upande wa pili, foleni ikakua, na mawingu yakaanza kushuka upande wa Hohe Acht. Eifel ina hali ya hewa ya kuchezea watu. Mvua inanyesha upande mmoja wa njia huku upande mwingine wanavaa miwani ya jua.

Fundi wa pili, aliyeambiwa gari lilikuwa wapi, alichovya kipima maji kwenye mafuta ya breki na taa nyekundu ikawaka hapohapo. Aliyamwaga yote, akaweka DOT 4 yenye kiwango cha juu cha kuchemka, akatoa hewa kwenye mabomba ya magurudumu yote manne. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiba yote.

Jamaa ana tiketi yake bado na anapanga kurudi siku ya katikati ya wiki, ambapo magari huwa machache kuliko mwisho wa wiki. Mpango wake ni raundi moja, kupumzika, kisha nyingine, na mteremko wa Breidscheid kwa gia badala ya kuburura breki. Sasa hivi ananitumia picha za tairi pana na rimu mpya. Nimemwambia tairi alizonazo zinamtosha kwa miaka miwili ijayo, na hela hiyo amlipe mwalimu wa njia ile akae kwenye kiti changu.